Sitini au Sitini na Moja: Kisa cha Kamera ya Kasi Barabara ya Gede

Mzee aliingia ofisini kwetu Malindi Jumanne asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa. Dereva wa matatu wa siku nyingi, zile za Malindi kwenda Mombasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, kisha akatoa karatasi mbili mfukoni na kuzilaza mezani bega kwa bega, kama mtu anayepanga karata.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sikuja kukataa kosa. Pale Gede ni hamsini, najua. Nilikuwa sitini. Mia tano yenu nitailipa leo hii. Lakini elfu tatu siilipi, maana sitini na moja sikufika."

Malalamiko ya madereva nayajua kwa ghibu. Yuko wa "hiyo si gari yangu", na picha inaonyesha hadi stika ya kioo cha nyuma. Yuko wa "nilikuwa nampita lori". Yuko anayemjua mkubwa fulani. Mtu anayeikubali 60 na kuigombania 61 ni nadra, na alipoketi tu nilihisi kwamba huyu hakuja na maneno matupu.

Hiyo kilomita moja ina uzito wake. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimepanga faini ya mwendo kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo. Ukizidisha 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Zaidi ya hapo unajieleza mbele ya hakimu. Kwa hiyo mtu wa 60 penye kibao cha 50 yuko juu kabisa ya ngazi ya mia tano, na wa 61 ameshakanyaga ngazi ya elfu tatu. Kilomita moja, faini mara sita.

Karatasi ya kwanza ya mzee ilikuwa notisi aliyopewa na askari: Ijumaa, saa 7:52 mchana, kilomita 61. Ya pili ilikuwa chapisho la spidi gavana yake. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilianza kutekelezwa mwaka 2004, na tangu hapo matatu hairuhusiwi barabarani bila gavana ya kilomita 80. Gavana za siku hizi hazikomei kuzuia, huandika pia mwendo na mahali gari lilipo. Kwenye dakika ile ya 7:52, karibu na njia panda ya Gede, karatasi ilisema 59, 60, 60, 60, 59.

Nilimwambia aniachie nakala, na kwamba nitamjibu kabla Ijumaa haijaisha. Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka: "Na usiniambie mashine haikosei. Mimi nimeendesha mashine miaka thelathini."

Kwanza niseme kamera yenyewe ni ya aina gani, maana wengi wakisikia kamera ya kasi hufikiria ule mlingoti mrefu wa kudumu. Hii yetu ni ya stendi ya miguu mitatu. Asubuhi tunaisimamisha kando ya barabara na jioni tunaipakia kwenye gari. Sisi mafundi tuko kwa mkataba: kazi yetu ni kuisimamisha, kuilenga, kuilinda na kuitunzia kumbukumbu. Anayesimamisha magari mbele na kuandika notisi ni askari wa trafiki. Mashine hulipiga picha kila gari linalofika kilomita 56 na kwenda juu, kutoka nyuma, likiwa limeshatupita. Siku ile tulikuwa upande wa kushoto wa barabara kwa magari yanayoelekea Mombasa.

Mwendo inaupata kwa rada. Ukisimama kando ya barabara basi likapita linapiga honi, mlio husikika mwembamba zaidi likija na mzito zaidi likishapita. Jambo hilo alilieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, na rada hufanya hivyo hivyo kwa mawimbi yasiyosikika. Kwa mashine ya gigahezi 24 kama yetu, kila kilomita moja kwa saa hubadilisha mawimbi yanayorudi kwa takriban mitetemo 45 kwa sekunde. Mashine inaihesabu mitetemo na kupata mwendo. Hapo haina matatizo. Ni hodari sana hapo.

Tatizo liko kwenye pembe. Rada huona ile sehemu tu ya mwendo wa gari inayokwenda sambamba na mwale wake. Mwale ungetazama barabara moja kwa moja, ungeona mwendo wote, lakini huwezi kusimama katikati ya lami. Kwa hiyo mashine inakaa kando na mwale unaikata barabara kwa mshazari. Yetu imetengenezwa ikate kwa nyuzi 22. Gari la kilomita 60 kwa pembe hiyo rada hulisoma 55.6, halafu programu inagawanya kwa kosaini ya nyuzi 22, yaani ile sehemu ya mwendo inayoonekana kwa pembe hiyo, 0.927, na 60 inarudi mahali pake. Desimali hukatwa, kwa faida ya dereva.

Programu haijui pembe halisi ni ngapi. Imeambiwa ni 22, nayo inaamini. Pembe ikiwa 17 kwa bahati mbaya, rada italisoma gari lile lile 57.4, programu itagawanya kwa 0.927 kama ilivyoambiwa, na kwenye kioo itatokea 61.9. Ikikatwa desimali, 61.

Nilipoiandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha Jumanne ile nikahisi jasho, na feni ilikuwa inazunguka.

Lakini hesabu inayolingana haitoshi kuwa ushahidi. Nikaanza na fomu ya siku ile. Saa 1:05 asubuhi: stendi imesimamishwa, pima maji iko katikati, darubini ya kulengea imeelekezwa kwenye kigingi tulichokipiga ukingoni mwa lami mita 150 mbele. Sahihi yangu. Saa 10:00 alasiri: "mashine sawa". Sahihi ya kijana ninayemfundisha kazi, na chini yake yangu tena. Kati ya saa 1 na saa 10, kimya. Cheti cha mwaka cha mashine kilikuwa hai. Nikaitoa mashine stoo, nikagonga kile chuma cha pembe mbili ambacho mlio wake ni wa kiwango kimoja, nikakisogeza mbele ya rada. Ikasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, haikupungua wala kuzidi.

Kwa makaratasi, mzee alikuwa ameshashindwa. Na ningekuwa mtu wa kutaka mambo yaishe, ningemjibu hivyo: cheti kipo, fomu ipo, jaribio limepita. Tatizo ni kwamba vyote vitatu vinajibu swali jingine. Cheti kinasema mashine inajua kuhesabu. Chuma cha mlio kinasema inajua kuhesabu leo. Fomu inasema ililengwa sawasawa asubuhi. Hakuna hata kimoja kinachosema ilikuwa inatazama wapi saa 7:52.

Picha ndizo zilizosema.

Zilikuwa 54 siku ile. Nikazipanga kwa saa, nikazipitia bila kuangalia magari kabisa. Nilikuwa naangalia mlingoti wa stima ulio ng'ambo ya barabara, karibu na vibanda vya maembe. Kamera na rada vimefungwa kwenye bodi moja: rada ikigeuka, picha nayo inageuka. Katika picha 23 za kwanza mlingoti umesimama mahali pamoja, karibu na ukingo wa kushoto wa picha. Picha ya 23 ni ya saa 6:41. Picha ya 24 ni ya saa 6:58, na humo mlingoti umeingia kulia robo nzima ya upana wa picha.

Lenzi yetu inaona upana wa nyuzi 20. Robo yake ni nyuzi 5. 22 kutoa 5 ni 17.

Nikaketi kitini kimya.

Ijumaa. Saa 6:41 hadi 6:58. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa msikitini. Niliondoka pale kwenye stendi saa 6:20 kwenda swala ya Ijumaa, nikarudi saa 7:25. Nilimwachia kijana.

Nilimwita. Ni kijana wa hapa hapa Malindi, mtulivu, ana mkono mzuri wa kazi. Nikamwonyesha picha mbili, ya 23 na ya 24, sikusema neno. Akatazama mlingoti, akatazama chini.

"Ni mkokoteni, mkubwa," akasema. "Wa yule wa madafu."

Tulikwenda Gede pamoja mchana ule. Muuza madafu hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alikuwa anageuza mkokoteni kukikwepa kivuli kilichokuwa kimemhama, gurudumu likateleza kwenye mchanga, likagonga mguu mmoja wa stendi. Mashine haikuanguka. Ilizunguka kidogo tu, ikainama. Kijana akaja mbio, akauvuta mguu, akasawazisha mpaka povu la pima maji likakaa katikati, akamwambia mzee wa madafu hakuna tatizo. "Nilimpa dafu," akaniambia yule mzee, kwa sauti ya mtu anayetaka ijulikane kwamba alifanya uungwana.

Povu lilikaa katikati. Pima maji inakwambia mashine haijainama. Inakotazama, haiwezi kukwambia. Ukiizungusha nyuzi 90 iangalie msitu wa Arabuko-Sokoke, povu litabaki katikati vile vile.

Kwa nini hakutumia darubini? Nilimuuliza tukiwa garini, tunarudi. Alinyamaza mpaka tukafika karibu na uwanja wa ndege. Kisha akasema: "Wiki ile nyingine nilipoilenga upya ulinigombeza. Ulisema napoteza dakika ishirini na magari yanapita."

Ni kweli nilisema. Nakumbuka hata nilivyosema.

Wanaochambua makosa ya kazini hupenda kuishia hapo: kijana hakulenga, kijana hakuandika, aonywe. Ripoti ya kwanza iliyopendekezwa na ofisi ilikuwa hivyo hivyo, mistari minne. Sikuitia sahihi. Kijana alifanya alichofundishwa na ulimi wangu, ingawa mkono wangu ulikuwa umemfundisha jingine. Na ile "mashine sawa" ya saa 10 ina sahihi yangu. Nilikuwa nimerudi tangu saa 7:25. Nilikuwa na saa mbili na nusu za kuinama kwenye darubini kwa sekunde kumi. Sikuinama. Nilikuwa nimeilenga asubuhi kwa mikono yangu, na mtu akishaamini mikono yake huwa hatazami tena.

Kabla ya kupeleka neno kwa wakubwa nilitaka shahidi wa tatu, asiye gavana wala mlingoti. Mashine hupiga picha mbili kwa kila gari (zile 54 nilizozihesabu ni za kwanza tu), ya pili nusu sekunde baada ya ya kwanza. Gari la kilomita 60 kwa saa huenda mita 8.3 kwa nusu sekunde. La 61.9 huenda mita 8.6. Tofauti ni sentimita ishirini na kitu, shubiri moja. Alhamisi alfajiri, magari yakiwa bado machache, afande mmoja akatusimamishia njia upande mmoja nasi tukaipima kwa futi ya mita 50 ile mistari ya vipande iliyochorwa katikati ya lami, tukajua kila kipande kina urefu gani na kimeachana vipi na mwenzake. Kisha nikarudi kwenye picha, nikahesabu gurudumu la nyuma lilikuwa wapi kwenye picha ya kwanza na wapi kwenye ya pili.

Kwa gari moja, shubiri haionekani vizuri. Kivuli kinakuchezea, na mstari uliofutika nao unakuchezea. Nikachukua magari 12 ya kabla ya saa 6:41 na 12 ya baadaye. Ya asubuhi, hesabu ya futi na hesabu ya rada zilipishana huku na huku, hii juu kidogo, ile chini kidogo. Ya mchana, futi ilikuwa chini ya rada kwa magari yote 12. Hakuna hata moja lililokwenda upande wa pili. Kosa la kupima hutawanyika. Hili halikutawanyika.

Basi mzee alikuwa 60.

Na hakuwa peke yake. Picha 31 zilikuwa zimepigwa na mashine iliyogeuka. Nyingi zingebaki kwenye ngazi ile ile ya faini hata ukipunguza ile asilimia 3 iliyozidishwa na pembe, lakini si zote. Iliyonikera zaidi ni ya lori la chumvi kutoka Gongoni. Lilisomwa 66, likaangukia ngazi ya shilingi 10,000. Kwa pembe ya kweli lilikuwa 64, ngazi ya 3,000. Tofauti ya shilingi 7,000 kwa mtu anayelipwa kwa safari.

Mkutano ulifanyika Ijumaa asubuhi: msimamizi wetu, afande wa trafiki, mimi na kijana. Msimamizi alikuja na wazo lililoonekana la haki. Tunajua mashine ilizidisha kwa asilimia 3, akasema, basi tugawe kila namba kwa 1.03, tutoe notisi mpya, anayeshuka ngazi ashuke, asiyeshuka abaki. Afande akakubali. Kijana akanitazama.

Nilikataa, na hapa ndipo tulipobishana kwa muda mrefu kuliko yote.

Sababu ya kwanza ni ya kifundi. Mwezi ule wa saba kusi lilikuwa limekaza, na mguu uliovutwa na kijana ulikaa kwenye mchanga mtupu, si kwenye murami kama ile mingine miwili. Nilipozitazama picha za alasiri kwa makini niliona mlingoti ukiendelea kusogea taratibu. Kufika saa 9 na nusu ulikuwa umeongeza nusu nyuzi hivi. Mguu ulikuwa unazama. Hakuna 1.03 moja ya kugawa. Kila picha ina yake, na mimi ndiye ningekuwa naikadiria.

Sababu ya pili ndiyo hiyo hiyo, ila inatazamwa kutoka mahakamani. Sheria yetu ya trafiki tangu zamani haikubali mtu atiwe hatiani kwa mwendo kwa maoni tu ya shahidi mmoja aliyeona gari linakimbia. Ndiyo maana tuna mashine. Namba ya mashine inapokelewa kwa sababu imetoka kwenye utaratibu unaojulikana: imepimwa, imelengwa, imeandikwa. Nikiichukua namba hiyo nikaigawa kwa kikokotoo changu mezani, hiyo si namba ya mashine tena. Ni maoni ya shahidi mmoja, tena shahidi aliyesababisha kosa.

"Na huyu?" afande akauliza. Akasukuma picha moja mbele yangu.

Saluni nyeupe. Kilomita 107. Penye kibao cha 50, saa 8 na robo mchana, na kwenye pembe ya picha wanaonekana watoto wawili wenye sare ya shule wakisubiri kuvuka.

Ukigawa ni kama 104. Ukigawa unavyotaka, huyo alikuwa anakimbia zaidi ya mara mbili ya mwendo unaoruhusiwa. Na mimi si mtu wa kuwatetea wanaokimbia. Gari la kilomita 60 linahitaji nafasi ya breki karibu mara moja na nusu ya gari la 50, na hiyo ni tofauti ya kilomita 10 tu. La 104 linahitaji zaidi ya mara nne. Wale watoto hawangekuwa na nafasi.

Nikasema picha zake mbili zenyewe zinatosha: gari limekwenda mita 14 na zaidi kwa nusu sekunde, hilo linaonekana bila rada, mistari ya barabara ipo na futi ipo. Kesi yake ingeweza kusimama kwa kipimo hicho peke yake. Afande alifikiri kwa muda. Akauliza kama saa ya ndani ya kamera, ile inayosema nusu sekunde, ina cheti chake mbali na cha rada. Haina. Cheti ni kimoja, kwa mashine nzima, kikitumika kama ilivyokusudiwa. Akasema wakili yeyote wa Malindi ataliuliza swali hilo kabla hajaketi, na kwamba anaogopa kesi moja mbovu itawafundisha madereva wote wa pwani namna ya kupinga kesi nzuri mia.

Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo sina. Saluni ile iliondolewa pamoja na nyingine 30, na kila nikipita pale na kuwaona watoto wakitoka shule namkumbuka yule mtu ambaye hajui kabisa kwamba alisamehewa na mkokoteni wa madafu.

Kwa hiyo tulifuta zote 31, kuanzia picha ya 24. Msimamizi aliuliza kama tusirudi nyuma zaidi, tufute siku nzima ili tusionekane tunachagua. Hapana. Picha 23 za asubuhi zina mlingoti mahali pake, zina darubini ya saa 1:05, zina futi inayokubaliana na rada. Kuzifuta kungekuwa woga uliovaa kanzu ya haki.

Notisi ambazo hazijalipwa zilikuwa rahisi, afande aliziondoa. Waliokwisha kulipa ndio waliotutoa jasho. Faini ikishaingia mahakamani haipo tena mikononi mwa fundi wala askari. Nilichoweza ni kuandika ripoti kamili, picha ya 23 na ya 24 zikiwa ubavu kwa ubavu, hesabu ya pembe, vipimo vya futi, majina ya waliokuwepo, langu likiwa la kwanza, ili mwenye gari akienda kuomba fedha zake awe na karatasi ya kushika. Baadhi walikuja kuichukua. Dereva wa lori la chumvi alikuja. Wengine hawakuamini simu zetu, walidhani ni matapeli, na siwalaumu. Mtu akupigie simu akwambie faini uliyolipa huenda ukarudishiwa, ungeamini?

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye mkutano, nami nililiona baadaye usiku nikiwa nimelala. Tuligundua kosa kwa sababu mkokoteni uligonga mguu kutoka upande ule. Ungegonga kutoka upande wa pili, mashine ingegeukia barabara zaidi, pembe ingekuwa 27, na mzee wa 60 angesomwa 57. Lori la chumvi la 64 lingesomwa 61. Nani angekuja ofisini na karatasi mbili? Hakuna dereva duniani anayekuja kulalamika kwamba amepunjwa faini. Fomu ingeandikwa "mashine sawa", nami ningeitia sahihi, na ingekuwa imefungiwa kabatini mpaka leo. Na si ajabu zimo fomu kama hizo kabatini. Nilirudi kuzitazama picha za miezi mitatu ya nyuma, nikitafuta milingoti, minazi, paa za makuti, chochote kisichotembea. Nilipata siku mbili ambazo vitu visivyotembea vilitembea, zote kwa upande wa kuwapendelea madereva. Hakuna aliyelalamika.

Niliziandikia ripoti hizo pia, ingawa msimamizi hakuona maana yake.

Mzee nilimpigia simu Ijumaa ile ile jioni, kama nilivyoahidi. Nilimwambia alikuwa sahihi, alikuwa 60, na kwamba notisi yote imefutwa.

"Hata mia tano?"

"Hata mia tano, mzee. Mashine haikuwa sawa, kwa hiyo haina haki ya kusema chochote."

Akanyamaza. "Lakini mimi nilikuwa sitini," akasema. "Nimeshakwambia." Akacheka, akakata simu.

Siku hizi tunafanya hivi. Kila mguu wa stendi unakaa juu ya kigae, na katikati tunaning'iniza kiroba cha mchanga cha kilo 15 kuizuia mashine isitikiswe na upepo wa malori. Darubini inatazamwa kila baada ya saa mbili, na kila mara tunapiga picha kupitia kioo chake ili isiwe neno la mtu. Kila asubuhi tunachagua kitu kimoja kisichotembea na kukiandika kwenye fomu, na jioni picha ya kwanza na ya mwisho zinalinganishwa kabla ya notisi yoyote kuhesabiwa kuwa halali. Ijumaa saa 6 mchana tunaizima mashine, anayeswali anakwenda na mwingine anabaki kulinda vyombo, tukirudi tunailenga upya kutoka mwanzo. Muuza madafu alihamia ng'ambo, chini ya mwembe. Anasema kivuli ni kizuri zaidi huko.

Na kwenye fomu, chini ya "darubini" na "pima maji", tumeongeza mstari mmoja: "Je, kuna kitu au mtu aliyeigusa mashine? Saa ngapi?" Kijana ndiye aliyependekeza. Nilidhani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuujaza. Wiki ya pili nilikuwa nabadilisha betri, waya ukanasa kwenye mguu, mashine ikatikisika. Nikaandika "ndiyo, mimi, saa 3:20", nikainama kwenye darubini na kuanza kulenga upya. Ilichukua dakika ishirini. Magari yalipita, mengine kwa kasi niliyoisikia masikioni, na kijana alisimama kando yangu ameshika kalamu, hasemi kitu.